Mgongo wa Kiongozi wa Msafara

Shaabani 14
Natangaza rasmi, kwa wote wanaohusika na hata wasiohusika, kwamba leo saa nne asubuhi, kati ya soko la Bekasi na nyumbani kwangu, makalio yangu yamegoma. Hayakutoa notisi wala hayakutaja madai. Yalinichoma ghafla kama niliyekalia jiko, nikasimama juu ya pikipiki ikiwa inakwenda, na mwendesha lori nyuma yangu akanipigia honi ya kunisifu au kunitukana, sikujua.

Nimechukua daftari hili, aliloliacha binti yetu alipoolewa, nifuatilie mgomo huu mpaka Idi. Si jambo dogo. Kila mwaka, siku mbili kabla ya Idi, pikipiki sita za watu wa kijiji chetu huondoka hapa kwenda kwetu Wonogiri, kilomita mia tano na sitini, na kwa miaka kumi na mmoja anayetangulia ni mimi, Ngadiran, muuza bakso, supu ya vinyama vya mviringo, wa mkokoteni wa bluu. Tena mwaka huu si kwa ile pikipiki yangu ya zamani, iliyokaa kama bata aliyeatamia. Ile nimeiuza. Nimenunua ya kiume. Tangi limevimba kama kifua cha jogoo, na mwenye kuiendesha huilalia kama anayemnong'oneza mtu siri. Si mpya, ila mtaani hawajui.

Dakika arobaini. Ndizo nilizopewa kabla ya mgomo kuanza. Nimejaribu kugawa kilomita mia tano na sitini kwa dakika arobaini, nikaacha.

Shaabani 15
Bang Jumhur, jirani yangu mzawa wa hapa, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ni kwenda kwa kinyozi, amesema tatizo ni kiti. "Weka sponji, Pak Ngadiran." Nimeweka sponji.

Shaabani 17
Tatizo si kiti. Sasa naumwa nikiwa juu zaidi.

Shaabani 21
Mama amepiga simu. Yaani kaka yangu Parjan ndiye aliyepiga na kumshikia, nilimsikia akipumua pembeni, lakini hakunisalimu wala sikumsalimu.

Niandike sababu, nisije nikaisahau na kuanza kumpenda bure. Idi iliyopita, mbele ya wajomba na sahani za wali wa ketupat, Parjan alisema, "Mdogo wangu, mwakani panda basi. Mwili una mwisho." Nikamjibu, "Nikija mwakani wewe utakuwa na hamsini na tisa, mimi hamsini na tatu. Hapa mwenye mwisho ni nani?" Watu wakacheka. Sikuishia hapo. Nikaapa kwamba nitakuja kwa pikipiki mpaka siku nitakaposhindwa kunyanyua mguu. Parjan akaondoka uani. Asubuhi ile alikuwa ameshampigia Mama magoti kuomba radhi, kama desturi yetu ya kila Idi, mimi nikapiga baada yake, kila mtu na zamu yake kama wagonjwa wa kliniki.

Mama ana miaka themanini na minne. Amesema, "Mwaka huu nataka mpige magoti pamoja. Mmoja goti hili, mmoja goti hili. Asubuhi ya Idi, baada ya sala, si mchana. Huenda ukawa mwaka wangu wa mwisho."
Mwaka wa mwisho amekuwa akiutangaza kwa miaka tisa. Ila zamani akishasema hucheka. Leo hakucheka.

Basi lazima nifike. Na lazima nifike kwa pikipiki, maana kuna kiapo, na kuna Parjan atakayekuwa amesimama uani akinitazama ninavyoshuka.

Ramadhani 1
Saumu njema. Mgongo haujafunga, umekula siku nzima.

Ramadhani 4
Wartini, mke wangu, amenipeleka kwa Mbah Ginah, bibi anayekanda watu nyuma ya msikiti. Amenilaza kifudifudi, akanipaka mafuta ya kuwasha, akachukua sarafu ya zamani na kunikwangua mgongo kutoka shingoni kwenda chini kama mtu anayeparua samaki.

"Upepo umeingia," amesema.
"Uliingilia wapi, Mbah?"
"Kifuani. Wanaume mnapanda pikipiki kifua wazi kama madirisha."
"Mbona naumwa nyuma?"
"Umeingia mbele, umekwama nyuma. Ungetokea wapi, masikini?"

"Na huu si upepo wa juzi," akaendelea, akionyesha Wartini mistari myekundu iliyojitokeza mgongoni mwangu. "Huu umeshazaa. Una wajukuu."
Wartini akainama kutazama, akasema, "Kweli Mbah, ni ukoo mzima." Nilidhani wake wapo kwa ajili ya kufariji.

Dawa: koti livaliwe kinyume, mgongo mbele, zipu nyuma, upepo usipate mlango.

Ramadhani 6
Nimevaa koti kinyume mpaka sokoni. Mikono ya koti imenifika kwenye ncha za vidole, nikashindwa kushika breki vizuri, nikaingia kwenye kibanda cha muuza kolak, ndizi za kupikwa kwa nazi. Hakuna aliyeumia isipokuwa ndizi. Wartini amekata mikono ya koti na kuipinda upya. Alishaipinda mwaka juzi, amesema. Labda inarefuka.

Ramadhani 9
Kliniki. Daktari binti mdogo, sauti ya upole, ameniambia ninyooshe mguu, niuinue, niseme panapouma. Nikasema pote. Wakapiga picha. Ameiweka picha kwenye mwanga, ameitazama, ametazama karatasi yangu, akarudi kwenye picha.
"Pak, una miaka mingapi?"
"Hamsini na tatu."
"Pak, una uhakika?"
Nimemwonyesha kitambulisho. Nikamwambia mimi naweza kukosea, serikali haiwezi.
Akasema mishipa imebanwa, nipunguze safari, ninunue vidonge, niombe Mungu. Hilo la mwisho aliongeza baada ya kusikia neno Wonogiri.
Kwa hiyo nina upepo wenye wajukuu, au mishipa iliyobanwa. Labda wajukuu ndio wanaoibana.

Ramadhani 12
Mimi shule niliishia darasa la sita. Yote ninayoyajua zaidi ya hapo nimeyasoma kwenye magazeti wanayofungia vitunguu. Ni elimu nzuri, tatizo lake huishia kitunguu kinapoishia. Leo nimefungua kifurushi, nikaona kichwa cha habari: MAUMIVU KWA WAENDESHA PIKIPIKI WA MASAFA MAREFU. Nikasoma: "Wataalamu wanasema watu wengi hutafuta dawa bila kujua kwamba chanzo hasa ni" na hapo pamechanwa.

Ramadhani 13
Nimerudi kwa mama wa vitunguu. Nusu ya pili ya gazeti amemfungia mtu pilipili. Hamkumbuki. "Mwanamke mnene kidogo," amesema. Bekasi nzima.

Ramadhani 16
Maumivu yamehama. Sasa yako mabegani, kwenye shingo, na viganja vinakufa ganzi. Makalio nayo hayajaacha, yameongeza wanachama. Bang Jumhur amekuja kunitazama. "Ukiona ugonjwa unatembea hivyo, ni jicho. Pikipiki nzuri hiyo, watu wana macho." Kisha akaiomba aende nayo kwa kinyozi. Amerudi baada ya saa nzima, anapiga mluzi. Yeye ni mrefu kama nguzo ya umeme, na hakuna kinachomuuma. Kumbe jicho huchagua.

Ramadhani 17
Niliingia jikoni bila viatu. Wartini alikuwa na simu sikioni, mgongo wake kwangu. Nilisikia: "Usimwambie, shemeji. Ukimwambia atazidi kukaza shingo. Na mimi simwambii." Shemeji ni Parjan. Hana shemeji mwingine.
Nikauliza, "Mlikuwa mnaongea nini?"
"Mihogo," akasema.
"Mihogo ya siri?"
"Imeoza mwaka huu. Anaona aibu."
Nimefikiri siku nzima. Mihogo huoza, ni kweli. Lakini mtu haambii mwenzake 'usimwambie' juu ya mihogo. Naona mpango wa basi. Naona tiketi imefichwa ndani ya mtungi wa mchele.

Ramadhani 18
Kwenye mtungi wa mchele kuna mchele.

Ramadhani 21
Wartini amenunua mashati ya Idi. Langu ni la kijani, maua ya kahawia. Ameniambia ninyooshe mikono, akapima, akakata vidole vinne kila upande, kama kila mwaka. Viwanda vya siku hizi vinashona bila kufikiri.

Nimemtazama akishona. Kama ana tiketi ya basi, ana uso wa mtu asiye nayo. Miaka ishirini na sita ya ndoa na sijui uso huo ni wa nini. Nilianza mwezi huu nikiwa na uhakika na watu wote na shaka na makalio tu.

Ramadhani 23
Safari ya majaribio mpaka Karawang na Sutarno, muuza tofu ya soya wa kwetu, ambaye kwenye msafara hufuata nyuma yangu na huniita Mas, yaani kaka. Niliposhuka sikuweza kunyooka. Nikatembea nimeinama, nikijifanya natafuta kitu chini.
"Umeangusha nini, Mas?"
"Sarafu."
Sutarno, maskini, akainama akatafuta pamoja nami. Tulitafuta kwa muda mrefu. Mwishowe akasema, bila kunitazama, "Mas, mwaka huu nikitangulia mimi, wewe ukaja taratibu na shemeji, hakuna ubaya."
Nikamwambia kiongozi hafi njiani.
"Sikusema kufa," akasema.

Ramadhani 27
Kesho. Nimekunywa vidonge vya daktari, nimekwanguliwa na Mbah Ginah, nimeweka sponji, koti nitavaa kinyume. Kama chanzo ni mojawapo ya hivyo, nimeshakizunguka.

Ramadhani 28
Tumeondoka alfajiri baada ya daku, Wartini nyuma yangu. Pikipiki sita, kila moja na mizigo nyuma na kipande cha boksi kilichoandikwa MAMA, TUNAKUJA au maneno ya mzaha. Langu Wartini aliliandika bila kuniuliza: TARATIBU, MUME MZEE. Nimeliona Karawang.

Dakika arobaini za kwanza nilitangulia kama kawaida. Barabara ya pwani ya kaskazini ilikuwa imejaa pikipiki mpaka lami haionekani, sote tunatiririka kuelekea mashariki. Wengine wana watoto katikati na masufuria pembeni, mmoja alikuwa na jogoo ndani ya ndoo. Nikajiambia, kama jogoo anaweza.
Kisha makalio yakaanza. Kisha mabega, na shingo. Nikainua mkono, msafara mzima ukasimama. Nikasema nataka kuangalia mnyororo. Dakika thelathini baadaye nikaangalia mnyororo tena. Mara ya nne Sutarno akashuka, akauangalia yeye mwenyewe.
"Mas, mnyororo huu ni mzima kuliko sisi sote."

Indramayu tuliingia kwenye hema la mapumziko, waliko wakandaji wa bure. Mkandaji wangu alikuwa na mikono kama koleo. "Huu si upepo," akasema, "ni kukaza roho. Una mtu hujamsamehe?" Nikamwambia akande.
Nilipoamka kwenye mkeka, zilibaki pikipiki mbili, yangu na ya Sutarno, na Sutarno amesimama na helmeti mkononi.
"Wamekwenda, Mas. Watoto wanalia. Nami nimebaki kukuaga."
"Nenda," nikasema.
"Nikifika nimwambie nini Mas Parjan?"
Sikuwa nimelifikiria hilo. Sutarno na wenzake wangefika kesho asubuhi, na Parjan angesimama uani akihesabu, na mimi nisingekuwemo.
"Mwambie nakuja."
Alinishika bega, palepale panapouma, akaondoka.

Miaka kumi na mmoja nilikuwa naona barabara tu mbele yangu. Leo nimeona taa ya nyuma ya Sutarno ikipotea. Wartini alikuwa anachuma majani yaliyonasa kwenye mizigo. Nilimwambia, "Sema tu. Sema basi."
"Basi limejaa tangu mwezi uliopita," akasema. "Niliulizia."
Kwa hiyo tiketi haikuwepo. Sasa sijui nini kilikuwa siri.

Tumefika Tegal vidole vyangu havijui kama vimeshika au havijashika. Nimefungua saumu kwa maji na tende mbili nilizoshindwa kuziokota mwenyewe. Tumelala uani msikitini na wasafiri wengine mia.

Ramadhani 29
Kama mwezi ukionekana jioni, Idi ni kesho. Kilomita mia tatu zimebaki. Dakika arobaini zimekuwa ishirini.

Baada ya Pekalongan, kabla ya kupanda ule msitu wa Roban, nilisimamisha pikipiki chini ya mti wa mtiki na sikushuka. Sikuweza. Malori yalipita. Nilikuwa nimelala juu ya tangi, mikono imenyooka mbele, na nikawaza magoti ya Mama, moja lenye mtu na moja tupu.

Wartini akashuka, akazunguka, akasimama mbele yangu.
"Shuka."
"Nashuka kila dakika ishirini."
"Shuka, upande nyuma."
"Wewe?"
"Nani kila siku anapeleka bakuli sokoni, mizimu?"
"Hii si ya kupelekea bakuli. Hii ni ya kiume."
"Basi mwambie mwanaume aiendeshe," akasema.

Nikapanda nyuma.

Naandika kwa uaminifu kilichotokea, kwa sababu sikielewi. Wartini alikaa pale mbele mgongo ukiwa umenyooka, viwiko vimekunjwa kidogo, kama mtu aliyekaa mezani akisubiri chai. Tukapanda Roban, tukashuka, tukapita Semarang, Salatiga, Solo. Nilimwuliza mara nne kama anaumwa. Mara ya nne alisema anaumwa na maswali. Na mimi, nimemshika kiuno, mikono karibu na kifua changu, maumivu yakapungua. Pikipiki ileile, mashimo yaleyale, makalio yaleyale. Upepo uliokuwa mgongoni mwangu ulikwenda wapi? Mishipa iliachiliwa na nani? Nilikuwa tayari kuamini kwamba Wartini ni mchawi, na kwa bahati mbaya ni mchawi mwema.

Kijijini tuliingia jua likiwa kwenye ukingo wa vilima. Nilimwomba asimame kwenye mgomba wa mwisho tubadilishane, niingie uani nikiwa mbele. Akasema hawezi kusikia, ana helmeti.

Uani walikuwepo wote. Wajomba, Sutarno na wanawe, Mama kwenye kiti cha mianzi. Na Parjan, amesimama ameshika nguzo ya baraza. Nilimsubiri aseme. Nilikuwa na majibu matatu tayari, mawili ya matusi. Akanitazama nilivyoteleza kutoka kiti cha nyuma kama gunia. Akamtazama Wartini akivua helmeti.
"Karibuni," akasema. "Chai ipo."
Basi. Nimelala na majibu yangu matatu.

Idi Mosi
Mwezi ulionekana. Tumesali uwanjani. Baada ya sala Mama amekaa kwenye kiti chake, kanga ya batiki mpya, mikono mapajani.

Parjan alikuja kulia, mimi kushoto. Kwenda chini alitangulia yeye, akishika kiti, polepole, anauma meno. Nikamtazama kwa pembe ya jicho. Nilikuwa nimeuona mwendo ule. Nilikuwa nimeutembea Karawang nikitafuta sarafu.
"Nini?" nikamnong'oneza.
"Mgongo," akanong'ona. "Tangu mavuno. Jembe silinyanyui."
"Mbona hukuniambia?"
"Nikuambie nini? Ungesema wajomba wasikie."
Kwa hiyo hayo ndiyo Wartini hakuniambia. Mihogo ilioza kwa kuwa hapakuwa na wa kuichimba.

Nikaweka paji la uso kwenye goti la Mama. Nilikuwa nimeandaa maneno kwa Kijava cha heshima, yakapotea yote. Nikasema, "Mama, nisamehe. Na huyu naye, anisamehe." Parjan, kutoka goti la pili, akasema, "Na mimi hivyohivyo, mkipenda." Mama akatushika vichwa wote wawili kwa muda mrefu. Sisi wenyewe tulifurahi uwe mrefu, maana hakuna aliyejua atainukaje.

Mama alipotuachia, tukabaki chini. Nikanyoosha mkono nishike nguzo ya baraza. Sikuifikia. Nikanyoosha zaidi. Parjan, aliyekuwa mbali nayo kuliko mimi, akapitisha mkono wake juu ya kichwa changu, akaishika.

Mama akacheka. Alicheka mpaka shangazi wakatoka jikoni.
"Mikono ileile!" akasema. "Huyu wakati wa kuandikishwa shule mwalimu alimwambia, pitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, shika sikio la kushoto. Mkono ukaishia kwenye nywele. Nikarudi naye mwaka wa pili, nywele. Wa tatu, nywele. Mwaka wa tano Parjan akamsukuma kiwiko kwa nyuma, mwalimu hakuona, ndipo akalishika."
"Mama, mimi niliingia nikiwa na miaka saba," nikasema. "Imeandikwa."
"Mwalimu aliandika saba. Wote walioshika sikio aliwaandika saba. Wewe ulikuwa na kumi na moja."

Nilikuwa bado nimepiga magoti. Nilikumbuka kwamba darasa la kwanza nilikuwa mkubwa kuliko wenzangu wote. Miaka yote hii nilidhani ni akili.
"Kwa hiyo Mas Parjan ananizidi..."
"Miwili," akasema Mama.
Parjan alinipa mkono, akanivuta, na mimi nikamvuta, na kwa kuvutana hivyo tukasimama. Hakusema neno la basi. Nilimsubiri. Mpaka sasa hajasema.

Mchana amenipeleka kwenye pikipiki akiwa na kamba. Amenikalisha wima, kama Wartini alivyokaa, akaniambia nishike usukani. Nikapeleka mikono mpaka viwiko vikanyooka kabisa. Akapima kwa kamba kilichobaki, kutoka vidole vyangu mpaka kwenye mshikio, akakifunga fundo, akampa Wartini, naye akakitazama na kuingia ndani haraka akiwa amejiziba mdomo.

Tunarudi Bekasi Jumamosi. Wartini ataendesha.

Nina miaka hamsini na saba, na usukani siufikii kwa vidole vinne.